Hoho ndogo za kuoka, na hii michango yetu ya elfu 30



Msimu wa karatasi za michango umeingia. Wiki hii pekee zimenifikia tatu: bethdei moja, kuwaaga wa mwaka wa tatu moja, na nyingine mpaka leo sijaelewa tunasherehekea nini. Zote elfu 30 kwa kichwa. Kwenye ile ya kuwaaga wa mwaka wa tatu kuna mtu kaongeza kwa kalamu nyekundu: asiyechanga asionekane eneo la tukio.

Sasa mi nina hoja, na najua kuna watu watanuna. Pati zetu zimekuwa harusi. Tunakodi viti vya kuvalishwa vitambaa, tunamlipa MC awaambie watu wanaoonana kila siku darasani wasimame wajitambulishe, tunaagiza keki ya ngazi mbili, halafu pilau la mpishi wa kukodi linafika saa 5 usiku wakati nusu ya watu washaondoka. Toka saa 1 jioni mpaka hiyo saa 5 mgeni kakaa na soda mkononi, basi. Na wale wa vinywaji vikali ndo kabisa, wanakunywa juu ya tumbo lisilo na kitu, baadaye sisi ndo tunawabeba.

Lakini hilo la njaa ni dogo. Kubwa ni wale wasiokuja. Kila darasa linao. Ukimuuliza anakwambia ana asaimenti, au kichwa kinamgonga, au yeye hapendi kelele. Kuna dada kwetu ambaye shangazi yake kaumwa kwenye kila pati tangu tuingie chuo, na kila mtu anasema pole, na kila mtu anajua. Mtu anayekula kwa mama ntilie sahani ya elfu 2, elfu 30 ni sahani 15. Milo mitatu kwa siku, hizo ni siku tano. Yaani mtu asile siku tano ili aje asimame ajitambulishe.

Kwa hiyo napendekeza hoho. Msicheke, subirini nimalize.

Naongelea zile hoho ndogo, unazipasua katikati kwa urefu, unatoa mbegu, unazijaza nyama iliyoungwa au choroko, unazioka mpaka ngozi inyauke na ianze kuungua pembeni kidogo. Unazipanga kwenye sinia karibu na mlango. Mgeni akiingia anachukua moja kwa kikonyo chake kama anavyoshika mkia wa samaki, anakula kwa maung'o mawili, anaendelea na stori. Hakuna sahani wala uma, wala foleni ile ya pilau ambayo wakaka wa nyuma wanaambiwa nyama imeisha. Chakula kinakuwa cha kwanza badala ya kuwa cha mwisho.

Huko Ulaya na Marekani hiki ni kitafunio cha pati cha kawaida sana. Wana hoho za saizi ya kidole gumba, nyekundu, njano na za rangi ya chungwa, zinauzwa kwenye mifuko zikiwa zimechanganywa, na wao wanapenda kuzijaza jibini laini. Hizo za mfuko msihangaike nazo. Nenda sokoni Mabibo, au genge lolote kubwa, angalia pembeni ya zile hoho nene zilizopangwa vizuri kwa ajili ya watu wa hoteli. Utakuta fungu la zilizodumaa, nyingine zimepinda, nyingine hazizidi kidole cha kati. Hizo ndo zetu. Mama mmoja niliyemwamkia shikamoo pale na kumwomba mafungu manne ya ndogo tupu aliniangalia mpaka nikaona aibu.

"Marahaba mwanangu. Hizo vidogo vyote unavitakia nini?"

"Nakwenda kuzijaza, mama."

"Kuzijaza nini tena? Hoho inaungiwa mchuzi."

Nilipomwelezea alicheka, akaniongezea tano za bure, na akanipa ushauri ambao nauweka hapa kwa sababu ni wa maana kuliko nilivyosoma popote: chagua zenye kikonyo cha kijani kibichi, na uziminye. Ikibonyea na kubaki imebonyea, hiyo ishachoka, ukiioka itakuwa kama kitambaa kilicholoa.

Kuhusu rangi, msigombane. Hoho ya kijani ni hoho ambayo haijaiva, ukiiacha shambani inageuka nyekundu au njano kutegemea mbegu. Ndo maana nyekundu ni tamu zaidi na ni ghali zaidi, mkulima kaisubiri muda mrefu huku wadudu na mvua vikiisubiri pia. Kwa pati ya wanafunzi chukueni za kijani, halafu nyekundu mbili tatu za kupendezesha sinia. Wale wa afya na lishe watafurahi kujua kwamba hoho nyekundu ina vitamini C nyingi kuliko chungwa la uzito uleule. Albert Szent-Györgyi wa Hungaria, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1937, alipata vitamini C yake kwa wingi kutoka kwenye hoho za kwao. Ukioka nyingine inapotea, lakini hatuji pati kutibiwa.

Na kabla hamjamtuma mtu sokoni, elewaneni jina! Bara tukisema hoho tunamaanisha hii isiyowasha. Visiwani na Mombasa wengi wanaiita pilipili boga, na ukifungua kamusi za zamani utakuta pilipili hoho ni ile kali yenyewe. Hebu fikiria umemtuma mtu wa Unguja aliyelelewa na bibi yake akuletee hoho 40 za kujaza. Mgeni wa kwanza akiung'ata mnaita bajaji ya kumpeleka zahanati.

Jina lenyewe lina historia ya kuchekesha. Hoho na pilipili zote za kuwasha asili yake ni bara la Amerika. Columbus alipovuka bahari mwaka 1492 alikuwa anatafuta njia ya kufika kwenye utajiri wa Mashariki, pilipili manga ikiwemo, akakutana na kitu kingine kinachowasha, akakiita pilipili hivyo hivyo. Wareno wakazisambaza Afrika na India kwa meli zao. Huku kwetu neno pilipili lilikuja kutoka upande wa India na lilikuwa la manga kabla ya haya mengine kufika. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba hoho za kujaza ni mambo ya kizungu, mwambie hata zile za mchuzini zilikuja na meli. Waturuki wanazijaza mchele na nyama, Wahungari wanazipika kwenye mchuzi wa nyanya, Wamexico wanajaza jibini kwenye pilipili zao kubwa. Kila aliyeiona hoho ikiwa na uwazi ndani kapata wazo lilelile. Sisi tumekuwa tukiikatakata.

Haya, tuingie jikoni. Hesabu yangu ni ya watu 30, kila mtu vipande vitatu, jumla vipande 90, yaani hoho 45. Kila kipande kinakula kijiko kimoja cha chakula kilichojaa. Mi natengeneza michanganyiko miwili kila mara, na hili kwangu siyo hiari. Darasani kuna wasiokula nyama kabisa, kuna Wasabato wengine hawagusi nyama, kuna anayeuliza nyama kachinja nani, na ana haki ya kuuliza. Nunua kwenye bucha ambayo wote wanaiamini, na sinia la choroko liwe na kijiko chake.

Wa kwanza: nusu kilo ya nyama ya kusaga, vitunguu maji vitatu vikubwa vilivyokatwa vidogo sana, swaumu, tangawizi, binzari nyembamba, pilipili manga, chumvi, na ndimu mwishoni. Kaanga mpaka maji yote yakauke, nasema yote. Changanya na vikombe viwili vya wali, hata wa jana kama ulilala kwenye friji, na mayai mawili ya kushikanisha. Wa pili: nusu kilo ya choroko zilizochemshwa zikaiva na kuchujwa, uziponde nusunusu, uzichanganye na kitunguu kilichokaangwa, karoti ya kukwaruza, binzari, kotimiri, na nazi iliyokunwa mkono mmoja. Nazi hapa ndo inachukua nafasi ya jibini. Watu wanaoniambia bila jibini siyo yenyewe nawaomba walete jibini. Kuna wanaoweka karanga za kusaga, ni tamu kweli, lakini basi mwambie kila mgeni, maana wapo ambao karanga zinawavimbisha koo.

Kukata ndo kazi inayohitaji akili. Usikate kofia ya juu kama wanavyofanya kwenye picha, hoho ndogo haitasimama, italala na kumwaga. Pasua kwa urefu kupitia katikati ya kikonyo, ili kila nusu ibaki na kipande cha kikonyo. Hicho ndo mkono wa mgeni. Toa mbegu na ile nyama nyeupe ya ndani.

Sasa sikilizeni hapa maana ndipo wengi wanapoharibu: hoho ni maji. Zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji. Ukijaza mbichi na kuoka, yale maji yanatoka yanajaa ndani ya nyama na mgeni anang'ata uji. Dawa ni kuzioka tupu kwanza. Zipake mafuta kidogo, zilaze kifudifudi kwenye trei, moto wa nyuzi 200, dakika 7 au 8. Zitoe, zigeuze, futa maji. Ndipo ujaze, usawa wa ukingo tu, usifanye kichuguu. Rudisha dakika 15 hadi 20, mpaka juu pakauke na pashike rangi ya kahawia. Nyama ishaiva kwenye kikaango, kwa hiyo hapa unamalizia tu, ila hakikisha katikati pamepata moto wa kutosha kwa sababu ya yale mayai.

"Oveni tunaitoa wapi?" Nilijua mtauliza. Hosteli nyingi haziruhusu hata hita ya maji, achilia mbali oveni. Kazi hii inafanyika kwenye geto la aliyepanga nje, Changanyikeni, Msewe, popote penye uwanja. Na bibi zetu wameoka keki na mikate ya sinia miaka yote bila oveni, kwa kupalia. Chukua sufuria pana, weka mchanga mkavu au changarawe safi chini, iache kwenye jiko la mkaa ipate moto. Ingiza hoho zikiwa kwenye sahani ya bati. Funika kwa mfuniko bapa, au sinia kuukuu, na juu yake panga makaa yaliyokolea. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, hilo ndo siri yote, maana unataka juu pakauke bila kuunguza chini. Utaongeza dakika tano sita. Zinaingia chache chache, labda vipande 15 kwa mkupuo, kwa hiyo anzeni mapema na tafuteni sufuria mbili. Ukitumia gesi bila moto wa juu hujaoka, umechemsha kwa mvuke. Zinalika, ila siyo hizi ninazosema.

Jiko la mkaa likae nje. Siyo karibu na dirisha, siyo kwenye korido kwa sababu mvua inanyesha. Nje. Ile hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na inaua watu waliolala. Mvua ikinyesha, ahirisheni hoho, kuleni mihogo.

Tukirudi kwenye hoja yangu. Mnajua nani anapika kwenye pati zetu zile ambazo hakuna mpishi wa kukodi? Wadada. Wakaka wanachanga hela, wadada wanachanga hela na mikono. Saa 8 mchana dada yuko na kisu, saa 2 usiku ananuka vitunguu, anaogea ndoo haraka haraka, anakuja pati amechoka, halafu anaambiwa na kaka aliyelala mchana kutwa kwamba pilau halikukolea. Kwenye hoho kitu hiki ni vigumu kukifanya, kwa sababu kazi yake imekatika vipande vipande na kila kipande ni rahisi. Wa kupasua, wa kutoa mbegu, wa kupaka mafuta, wa kujaza, wa kupepea moto. Hakuna anayeweza kusema mi sijui kupika. Kutoa mbegu kwa kijiko cha chai siyo kupika.

Mwezi uliopita tulikuwa 28 nyuma ya geto la rafiki yetu mmoja, na tulichanga elfu 2. Asiye na elfu 2 alileta alichonacho: mmoja alikuja na vitunguu, mwingine na ndoo ya barafu, mwingine alikuja mapema akakamua ukwaju wa juisi. Jamaa wa uhandisi aligoma kujaza mpaka apime vipande vyote viwe sawa, tukamwachia, na kusema kweli vyake viliiva kwa pamoja kuliko vyetu. Chenji iliyobaki ilitosha sabuni ya kuoshea masufuria. MC hakuwepo. Na yule dada wa shangazi mgonjwa alikuja, akakaa jikoni upande wa mbegu muda wote, akiongea mfululizo kama redio. Hatukuwa tunajua kwamba anaongea hivyo! Sikumuuliza hali ya shangazi.

Najua majibu yenu. Wa kwanza anasema hoho siyo chakula, mtu anataka kushiba. Sawa, lakini mbona kwenye keki hamsemi? Kipande cha keki ya ngazi mbili ni saizi ya kiberiti na hakuna anayelalamika kwamba hakushiba. Vipande vitatu vya hoho vyenye wali na nyama, au choroko, ni kitu. Na kama kuna hela ya pilau baada ya hapo, pikeni pilau, mi siyo adui wa pilau. Wa pili anasema tutaonekana hatuna hela. Kaka, hatuna hela. Tunasoma kwa mkopo, na huo mkopo tutaulipa tukiwa na watoto. Wa tatu, na huyu namheshimu, anasema kuwaaga watu ni mara moja katika maisha, iwe na hadhi yake. Nakubali iwe na hadhi. Ila nauliza hadhi ni ya nani kama watu sita wa darasa lenyewe hawakuwepo kwenye picha.

Jambo la mwisho ni la usalama, na kwa joto la Dar siyo la mzaha. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na siku zile za Januari na Februari ambapo nyuzi zinapita 32, saa moja inatosha. Kwa hiyo msioke zote saa 10 jioni zikawasubiri wageni wa saa 2 usiku. Pasueni na kuzioka tupu mapema, michanganyiko ikae kwenye friji au kwenye deli la barafu, halafu mjaze na kuoka awamu kwa awamu watu wakiwa washafika. Zile za moto zikitoka moja kwa moja kwenye sufuria, harufu ile ya ngozi ya hoho iliyobabuka, ndo pati yenyewe inapoanzia. Watu wanasogea jikoni bila kuitwa.

Kwa wale wa kufuturu, Ramadhani ikifika zinafaa vilevile pembeni ya kachori na sambusa, na hazinyonyi mafuta kama wenzake.

Nimeshamwambia mwenye ile karatasi ya kuwaaga wa mwaka wa tatu kwamba nitachanga elfu 2 na mikono miwili. Kasema watajadili kwenye kamati. Wakikubali tunahitaji hoho kama mia na sufuria tatu pana zenye mfuniko bapa. Mwenye nayo aniambie kabla ya Ijumaa, kwa sababu yangu imeazimwa na watu wa ghorofa ya tatu tangu juzi na dalili za kurudi sizioni.